NYUMBA NA MAZINGIRA YAKE: Kinachobebwa na Mto Hubaki Ziwani

Mvua za Machi na Aprili zinapoteremka juu ya Bujumbura, wakazi wa Kinindo husikia ngurumo za maji kabla ya kuyaona. Mtaa huo umekaa kusini ya jiji, baina ya mto Muha na mto Kanyosha. Mashariki yake milima ya Mumirwa huinuka ghafla kama ukuta. Magharibi yake liko Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya ziwa huonekana milima ya Kongo. Kutoka mlimani hadi ziwani si mwendo mrefu, na kwa sababu hiyo mto wa sehemu hii hauna nafasi ya kutulia. Hushuka mbio, rangi ya tofali, umebeba udongo, majani, vigogo, magunzi, na takataka zilizotupwa kando yake usiku uliopita.

Chukua mfano wa nyumba moja ya Kinindo, ambayo baba yake ni sajini wa polisi na mama yake huuza ndagala sokoni. Baba amerudi kutoka zamu ya usiku, naye amesimama ukingoni pamoja na binti yake wa darasa la tano, wakiyatazama maji ya Muha.

"Baba, udongo huu wote unakwenda wapi?" mtoto auliza.

"Unakwenda ziwani, mwanangu."

"Na ziwa nalo linaupeleka wapi?"

Baba anyamaza. Swali ni la mtoto, lakini jibu lake si jepesi. Wako watu waliotumia miaka kadhaa ya masomo ya juu, wakizunguka na chupa kando ya mito na kwenye fukwe, ili kulijibu swali hilohilo. Walichokigundua kinamhusu mama wa nyumbani anayechota maji, muuzaji wa ndagala, na askari anayetaka watoto wake wakute kitoweo ziwani watakapokuwa watu wazima.

KABONI NI KITU GANI

Mtu akiunguza mkate jikoni, hubaki kitu cheusi. Akiunguza mti, hupata makaa. Weusi huo ni kaboni, nayo imo ndani ya kila kitu chenye uhai au kilichopata kuwa na uhai: jani, nyama, unga, kinyesi, unywele, na hata udongo mweusi wa shambani. Wataalamu huiita kaboni ya namna hii kaboni ogania, ili kuitofautisha na ile iliyomo katika mawe ya chokaa na katika hewa.

Ndani ya mto, kaboni ogania husafiri kwa njia mbili. Ya kwanza ni vipande vinavyoonekana au vinavyoweza kuchujwa: majani yaliyosagika, chembe za udongo, na mwani. Ya pili ni ile iliyoyeyuka kama majani ya chai yanavyoyeyusha rangi yake katika maji ya moto. Maji yaliyopita msituni au kwenye mafunjo huwa na rangi ya chai hafifu kwa sababu hiyo. Macho huona ya kwanza tu, lakini katika mito mingi hiyo ya pili si haba.

Kaboni hiyo ni chakula. Bakteria huila, wadudu wadogo huwala bakteria, na samaki huwala wadudu. Lakini kila anayekula hupumua. Bakteria wanapokula jani majini hutumia oksijeni iliyomo humo na kutoa hewa ya kabonidayoksaidi, sawasawa na mwanadamu anavyofanya. Chakula kikiwa cha kadiri, mto huwa hai. Chakula kikizidi, walaji hujaa, oksijeni huisha, na samaki hufa au hukimbia. Basi uchafu wa jikoni unaotupwa mtoni hauangamizi kwa sumu peke yake. Huangamiza pia kwa kuwashibisha wasioonekana mpaka wanaoonekana wakakosa pumzi.

MWANAFUNZI NA CHUPA ZAKE

Zamani ilidhaniwa kwamba mto ni bomba tu, hupokea mambo ya nchi kavu na kuyamimina baharini bila kubadilika. Mwaka 2007 Jonathan Cole na wenzake walitoa hesabu iliyovunja dhana hiyo. Walikadiria kwamba mito, maziwa na mabwawa ya dunia hupokea takriban tani bilioni 1.9 za kaboni kila mwaka kutoka nchi kavu, lakini zinazofika baharini ni kama tani bilioni 0.9 tu. Sehemu nyingine huzikwa chini ya mashapo, na si chini ya tani bilioni 0.8 hurudi angani kama hewa. Kumbe mto hufanya kazi ya tumbo: hupokea, husaga, huhifadhi kidogo, na hutoa pumzi.

Katika Afrika ya Mashariki, mto uliochunguzwa kwa makini kuliko mingi ni Tana wa Kenya. Mto huo huanza katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, hupita mabwawa matano ya umeme, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, halafu hukata nyika kavu hadi delta yake katika Bahari ya Hindi, safari ya takriban kilomita 1,000. Miongoni mwa waliousoma ni Mkenya Fredrick Tamooh, ambaye mwaka 2008 alikwisha kuchapisha, pamoja na wenzake, uchunguzi wa mizizi ya mikoko katika ghuba ya Gazi, kusini ya Mombasa. Baadaye aliuchagua mto Tana kwa shahada yake ya udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Katoliki cha Leuven, Ubelgiji, na matokeo ya kwanza yakachapishwa mwaka 2012.

Kazi ya mwanafunzi wa namna hiyo haina fahari ya kutazamwa. Huamka alfajiri, huingia mtoni, huteka maji na kuyapitisha katika chujio la nyuzi za kioo lililokwisha kuokwa katika tanuri lenye joto la mamia ya digrii, ili kaboni yoyote iliyokuwamo iungue kabla. Kinachobaki juu ya chujio ni kaboni ya vipande; kinachopita ni kaboni iliyoyeyuka. Maji yaliyopita hutiwa dawa ili bakteria wasiendelee kuila kaboni ndani ya chupa njiani kwenda maabara. Kila chupa huandikwa mahali, siku na saa. Asiyeandika, kazi yake ni bure, kama mlinzi wa zamu asiyejaza daftari la matukio.

Huko maabara kaboni huhojiwa asili yake, kama polisi anavyomhoji mgeni asiye na kitambulisho. Kwani kaboni zote hazina uzito mmoja. Ipo nyepesi na ipo iliyozidi kidogo, na mimea haizichukui kwa kipimo kimoja. Mahindi, mtama, miwa, mafunjo na nyasi nyingi za nyika huwa na kiasi kikubwa zaidi cha kaboni nzito kuliko migomba, maharagwe, kahawa, mpunga na miti ya msitu. Kwa kupima uwiano huo, mtafiti huweza kusema kama tope la mto limetoka katika nyasi na mashamba ya mahindi au katika msitu na migomba. Tena ipo kaboni ya tatu, ambayo nusu yake hupotea kwa kila miaka 5,730. Hiyo humwambia umri wa kaboni, kama ni jani la mwaka jana au ni udongo uliolala chini ya ardhi kwa karne nyingi.

Utafiti wa Tana ulionyesha kwamba mabwawa huzuia mashapo mengi, na maji yatokayo chini ya ukuta wa bwawa huwa yamepungua tope. Hata hivyo, mto ukiendelea na safari yake tambarare, tope huzidi tena ijapokuwa mito inayoingia huko ni michache mno. Kisa chake ni kwamba mto hukwangua kingo zake na kuliamsha tope lililokuwa limelala kitandani mwake. Basi udongo uliopotea shambani leo huenda usifike baharini leo wala kesho. Hulala njiani, huamka mwaka wa mvua nyingi, na kusogea tena.

Pwani, jambo hilo huonekana kwa macho. Mto Sabaki unapofurika, bahari ya karibu na Malindi hugeuka rangi ya kahawa, na tope huyasogelea matumbawe ambayo hayapendi kufunikwa. Mvuvi wa Malindi hulipia udongo wa mkulima wa bara asiyemjua. Mwaka 2015 Alberto Borges na wenzake walikusanya vipimo vya mito 12 ya Afrika kusini ya Sahara, Tana na Sabaki zikiwamo, wakaonyesha kwamba maji ya bara la Afrika hutoa hewa za kuongeza joto kwa kiasi kinachopaswa kuingizwa katika hesabu ya dunia nzima.

ZIWA SI BAHARI

Hapo ndipo Kinindo inapotofautiana na Malindi. Maji ya Sabaki huchanganyika na Bahari ya Hindi yote. Maji ya Muha na Kanyosha huingia katika ziwa ambalo, ijapokuwa ni kubwa, lina mlango mmoja tu wa kutokea: mto Lukuga, huko Kalemie, ng'ambo ya pili katika Kongo. Na hata mlango huo hutoa maji machache. Sehemu iliyo kubwa ya maji yanayoingia Ziwa Tanganyika huondoka kwa kuvukizwa na jua, na mvuke hauchukui udongo, wala mafuta, wala uchafu. Hupaa wenyewe na kuacha mzigo chini, kama chungu kinachochemka kinavyoacha chumvi.

Ziwa hilo lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha mita 1,470 pale palipo kirefu zaidi. Linachangiwa na nchi nne: Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia. Wengi husikia tarakimu hizo wakaona kwamba ziwa la ukubwa huo haliwezi kuharibika. Lakini maji yake hai ni utando wa juu tu. Chini ya mita 100 hadi 200 hivi, kwa kutegemea mahali na majira, hakuna oksijeni, na samaki hawaishi huko. Jani lililozama, mzoga uliozama, na tope lililozama hubaki chini hapo. Wakazi wa pwani ya ziwa huishi juu ya ghala kubwa lililofungwa, na chakula chao chote hutoka katika ghorofa ya juu.

Ghorofa hiyo ya juu hulishwa na ghala la chini kwa njia ya upepo. Katika miezi ya kiangazi upepo wa kusini-mashariki huisukuma tabaka ya juu ya maji, na rutuba iliyokuwa chini hupata nafasi ya kupanda. Mwani hustawi, wadudu hula mwani, ndagala hula wadudu, na mukeke hula ndagala. Lakini maji ya juu yanapozidi kuwa moto huwa mepesi, na huelea juu ya maji ya baridi kama mafuta juu ya mchuzi. Upepo uleule hushindwa kuyachanganya. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichunguza kaboni iliyohifadhiwa katika mashapo ya ziwa, wakakadiria kwamba ustawi wa mwani ulikuwa umepungua kwa kama asilimia 20, jambo linaloweza kupunguza mavuno ya samaki kwa asilimia 30 hivi. Mwaka 2010 Jessica Tierney, aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Brown cha Marekani, alitumia chembe za kaboni zilizoachwa na vijidudu katika tope la zamani kusoma joto la ziwa, akaona kwamba joto la miaka ya mwisho ya karne ya 20 halikuwa na mfano katika miaka 1,500 iliyotangulia.

Tope la chini ya ziwa, basi, ni daftari. Kila mwaka huandikwa ukurasa mmoja, na anayejua kusoma huona ni lini misitu ilikatwa, ni lini ziwa lilipata joto, na ni lini samaki walipungua. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walilisoma daftari hilo tena, wakaeleza kwamba katika sehemu walizozichunguza eneo la chini lenye oksijeni, mahali pa makao ya konokono, kaa na samaki wengi, lilikuwa limepungua kwa asilimia 38 tangu miaka ya 1940.

Joto la dunia haliwezi kuondolewa na mji mmoja. Lakini udongo na uchafu ni mzigo wa pili juu ya mgonjwa yuleyule, na mzigo huo umetoka karibu. Cohen na wenzake walikwisha kuonyesha mwaka 1993 kwamba palipoingia tope jingi kutoka milima iliyokatwa miti, aina za samaki na viumbe vingine zilikuwa chache kuliko palipo safi, na sehemu ya kaskazini, ya upande wa Burundi, ilikuwa miongoni mwa zilizoumia. Mwaka 1996 wataalamu wa Ubelgiji na Burundi walichapisha uchunguzi juu ya mto Ntahangwa, unaokata Bujumbura katikati, wakauita mto wa Burundi uliochafuka kuliko yote inayoingia ziwani. Mto Muha ni jirani yake, huteremka kutoka milima ileile na kupita katikati ya nyumba kama zile.

Mama wa Kinindo anayeuza ndagala hahitaji kuambiwa maana ya habari hizo. Anajua siku ambazo mitumbwi hurudi mitupu na bei ya kopo moja la ndagala kupanda. Nchi za ziwa nazo zinajua. Mwaka 2003 zilitia sahihi huko Dar es Salaam mkataba wa kulitunza ziwa kwa pamoja, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika iliyozaliwa na mkataba huo ina makao yake Bujumbura. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika upande wake kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaana. Kufunga uvuvi ni jambo jema. Lakini samaki aliyepewa likizo ya kuzaa huhitaji pia mahali safi pa kuzalia, na vifaranga vya ndagala hukulia karibu na ufuko, palepale mto unapomwaga tope lake.

MAJI YA KUNYWA

Maji mengi ya bomba ya Bujumbura huchotwa ziwani na kusafishwa na Regideso. Bomba linapokauka, familia nyingi hulazimika kuchota penginepo, na hapo elimu ya kaboni hugeuka kuwa elimu ya afya.

Watu wengi hutia dawa ya klorini katika ndoo ya maji yenye tope, wakasubiri dakika chache, wakanywa. Hapo pana hatari. Klorini haijui kutofautisha kijidudu cha kipindupindu na kipande cha jani. Hushambulia kila kaboni inayoikuta. Katika maji yenye tope, dawa huchoka kwa kupigana na majani na udongo kabla ya kumfikia adui aliyekusudiwa. Ni kama kikosi kilichomaliza risasi kwa kupiga vichaka. Ndiyo sababu maji machafu hutakiwa kwanza yatulie, kisha yachujwe, ndipo dawa itiwe kwa kipimo kilichoandikwa juu ya chupa au kidonge, na muda wote ulioagizwa ungojwe.

Hata kitambaa kina kazi yake. Vijidudu vya kipindupindu hupenda kujishikiza kwenye viumbe vidogo vinavyoelea majini. Rita Colwell na wenzake walifundisha akina mama wa vijiji vya Bangladesh kuchuja maji kwa nguo kuukuu ya sari iliyokunjwa mara kadhaa, na mwaka 2003 wakatoa taarifa kwamba ugonjwa huo ulipungua kwa asilimia 48. Kanga kuukuu ya pamba, iliyofuliwa mpaka nyuzi zake zikakaribiana, huchuja vizuri kuliko mpya. Kitambaa hakitoshi peke yake, na hakichukui nafasi ya kuchemsha au ya dawa. Lakini huifanya dawa ifike inakotakiwa. Burundi ilitangaza mlipuko wa kipindupindu mwezi wa Januari mwaka 2023, na Bujumbura iliguswa. Mafuriko ya ziwa ya mwaka 2024, yaliyozitoa familia kadhaa katika nyumba zao za ufukweni, yaliwakumbusha watu kwamba choo kilichochimbwa karibu na maji huweza siku moja kuingia ndani ya maji.

KAZI YA NYUMBANI NA YA KAMBINI

Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 ilitenga mita 150 kando ya Ziwa Tanganyika, na mita 25 kando ya mito inayoingia ziwani humo, zisijengwe wala zisilimwe ovyo. Mita hizo si zawadi kwa nyasi. Ukanda wa matete na miti kandokando ya mto hufanya kazi ileile ya chujio la mwanafunzi wa Tana: hushika vipande, hupunguza mbio za maji, na kuacha tope likauke nchi kavu, linakohitajiwa. Anayekata matete ili apate kilimo cha miezi mitatu hulitoboa chujio la mji mzima.

Mpango wa taifa wa kupanda miti ulioanzishwa mwaka 2018, pamoja na kazi za pamoja za Jumamosi, umewapa askari na raia nafasi ya kushika jembe bega kwa bega. Yafaa miti hiyo isihesabiwe siku ya kupandwa tu, bali ihesabiwe tena baada ya mvua mbili. Kikosi kinachojua kulinda daraja kinaweza pia kulinda mteremko. Adui ni maji yanayokimbia, na mbinu ni kuyapunguza mbio kwa mitaro ya kukinga mmomonyoko na majani ya kufunga udongo.

Nyumbani, mambo yafuatayo hayahitaji fedha nyingi:

Kwanza, maganda ya ndizi, majani ya mihogo na mabaki ya chakula yasitupwe mtaroni wala mtoni. Yachimbiwe shimo, yafunikwe kwa udongo kidogo na majivu, na kugeuzwa kila baada ya wiki moja au mbili. Baada ya miezi michache yatakuwa mbolea nyeusi ya mboga. Kaboni ileile ambayo ingeiba oksijeni ya samaki huwa chakula cha lengalenga.

Pili, maji ya mvua yatokayo paani yakingwe katika pipa lenye kifuniko. Hupunguza nguvu ya maji yanayokata ua, na hupunguza safari za kuchota.

Tatu, makaa yatumiwe kwa jiko linalotunza moto, na maharagwe yalowekwe tangu usiku ili yaive upesi. Kila gunia la makaa lililookolewa ni miti iliyobaki mlimani, na mti uliobaki mlimani hushika udongo ambao ungeshuka Kinindo.

Nne, maji ya tope yaachwe yatulie usiku kucha katika chombo kilichofunikwa, yamiminwe taratibu, yachujwe kwa kanga kuukuu iliyokunjwa, kisha yachemshwe au yatiwe dawa kwa kipimo chake. Kanga hiyo ifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani kila baada ya kazi.

Tano, choo kisichimbwe karibu na mto, kisima au ufuko, wala kisimwagwe mtoni wakati wa mvua kwa kudhani kwamba maji yatakichukua mbali.

Kwani hakuna mbali. Yule binti wa Kinindo aliuliza ziwa linaupeleka wapi udongo, na baba yake akanyamaza. Jibu ambalo wanafunzi wa udaktari walilitoa kwa chupa, machujio na tanuri ni hili: sehemu huliwa na kupumuliwa angani, sehemu huzama mahali pasipo na pumzi, na iliyo ndogo sana ndiyo inayotoka kwa mlango wa Lukuga. Nyingine yote hubaki pamoja na watu wa ziwa, katika maji yao na katika samaki wao. Sajini anaweza kumjibu mtoto wake hivyo jioni, mama anapopepeta ndagala, na kesho yake asubuhi baba na binti wakachimba lile shimo la maganda nyuma ya nyumba kabla ya zamu na kabla ya shule. Kazi yake haizidi nusu saa.